Alama ya Kibogoyo

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yale masikio bado yanakudanganya kama kawaida. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza hali ya mkazamjomba ukanijibu habari za sindano za cherehani, nikaona bora wino. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu sana. Mtoto wa jicho amekomaa upande wa kulia, na daktari anasema jicho la kushoto nalo liko njiani, kwa hiyo kusoma ndiyo basi tena. Barua zako namsomea mimi, kwa sauti, kuanzia "Mpwa wangu" mpaka saini yako, na nikiruka neno anajua.

Karakanani bado niko kwenye mashine ya kukereza vyuma. Msimamizi mpya ni mtoto wa juzi aliyeniuliza kama mwanamke anaweza kazi hii, nikamwonyesha kidole chake mwenyewe alichokifunga bandeji. Makopo yangu, kama unavyoyaita maganda ya mizinga ninayokusanya, yamefika arobaini na moja. Nimejenga rafu mpya chumbani na mama anasema mchumba atakayeingia humo atadhani ametekwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Ghala la zamani la silaha linafanywa kuwa chumba cha kumbukumbu ya vita, na litafunguliwa Oktoba. Wameniomba niwe natazama maganda na makombora ambayo watu wanaleta, niseme kipi ni cha kweli. Mjomba, watu wana mambo. Mmoja ameleta bomba la maji akaapa kwamba liliua watu sita. Mwingine kaleta kombora zima ambalo halijalipuka, kalifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga, tukatoka wote nje mpaka wanajeshi walipokuja kulichukua.

Mama naye ameamua. Lile ganda la mlangoni ulilomletea siku za msiba wa baba, anataka liende kwenye chumba hicho, na jina la baba lisomeke chini yake. Nani atabisha? Kila ganda lina kadi yake: aina, mwaka, nani alilileta, lilitoka mzinga gani, wapi, lini. Mengine nitayajaza mwenyewe, ila hilo la mwisho ni lako. Niandikie mistari mitatu tu uitie saini. Na Oktoba uje mwenyewe na mkazamjomba. Mama anasema safari hii uingilie mlango wa mbele, si kupitia jikoni kama mwizi wa kuku.

Mpwa wako,
Bi Nati

18 Machi

Mpwa wangu Bi Nati,

Marahaba. Mwambie dada yangu namsalimu mara mia, na macho yake yasimtie wasiwasi, yaliyobaki kuonwa duniani ni machache na mengi si mazuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu cherehani za watu zimejaa mpaka chini ya kitanda. Mkazamjomba wako mguu unamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi mzima. Anakusalimu na anauliza kama huyo msimamizi ameoa.

Lile ganda liacheni. Limekaa mlangoni miaka ishirini na sita, limekuwa mtu wa nyumbani. Huko mnakotaka kulipeleka litawekwa nyuma ya kioo pamoja na bomba la maji, na mtoto wa shule ataandika jina lake juu ya vumbi. Nililosema siku ile ndilo hilo hilo, lilikuwa la adui, limetoka huko mtoni. Tarehe dada yangu anaijua kuliko mimi. Mavi ya kale hayanuki, usiyachokonoe.

Kama wanataka kumbukumbu ya shemeji yangu wachukue picha yake. Ile aliyosimama na baiskeli, kofia imelala upande. Hiyo ndiyo inafanana naye.

Kuhusu Oktoba tutaona, safari ni ndefu.

Mjomba wako

9 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Alicheka sana uliposema yaliyobaki kuonwa ni machache, akasema hujabadilika. Lakini kuhusu ganda hakubadilisha nia. Amekwishachagua hata nguo ya kuvaa siku hiyo. Nikamwomba aniazime ganda kwa siku moja nilipime, akanipa kama mtu anayetoa mtoto kwa daktari.

Nakueleza nilivyofanya, maana kazi hii uliianzisha wewe kwa kuniletea nati za mzinga badala ya mwanasesere. Kwanza nilihakikisha ni tupu. Fataki ya katikati ya kitako imegongwa, kishimo cha pini kinaonekana, na ndani hamna kitu isipokuwa maua ya plastiki na ule ufunguo wa kabati tuliokuwa tunautafuta tangu nikiwa darasa la tano. Kisha nikapima mdomo na urefu. Halafu maandishi ya kitakoni, na hapo nilipata taabu. Mama amelisugua kwa majivu na ndimu kila Jumamosi kwa miaka ishirini na sita, mpaka herufi zimelika kama maandishi ya sabuni iliyotumika. Akisugua huwa anasema kila anayeingia ajue mume wake hakufa kwa homa. Nikazima taa ya juu, nikalilaza mbele ya taa ya mezani ili mwanga upite pembeni, nikaweka karatasi nyembamba juu ya kitako na kuisugulia penseli. Herufi zikajitokeza moja moja.

Mjomba, ni la milimita mia na tano. Upande wa pili hawakuwa na mzinga huo. Wao walikuwa na mia na ishirini na mbili, maganda yao ninayo manne hapa kwenye rafu. Hili ni la kwetu, na namba ya kundi lililotengenezwa pamoja nalo ni sawa na ya maganda mawili niliyopewa na mkulima anayelima pale mlipokuwa mmeweka mizinga yenu, ng'ambo ya huku ya mto.

Sikuandikii kukushika uongo. Siku ile ulikuwa na majonzi, watu wanachanganya mambo. Labda ni ganda la kombora mlilowajibu nalo baada ya baba kuanguka, na hilo nalo ni jambo la heshima. Niambie hivyo nami nitaandika hivyo. Mama sijamwambia kitu. Habari za ganda niandikie kwenye karatasi ya pembeni, uikunje ndani ya barua. Nitaichomoa kabla sijaanza kumsomea.

Bi Nati

27 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu nyingi kwa dada yangu. Mwambie nimefurahi kusikia habari ya nguo, awe makini na fundi atakayempunguzia, siku hizi wanashona kwa macho yamefumba. Hapa mvua imetupa kazi, cherehani zinashika kutu na mimi ndiye daktari wao. Mkazamjomba amepata fimbo ya kutembelea na sasa anaitumia zaidi kunionyeshea vitu kuliko kutembelea. Jirani yetu wa juu amehama na kelele zake, ingawa kusema kweli mimi sikuwahi kuzisikia.

Mle vizuri, mlale vizuri.

Mjomba wako

(Karatasi ya pembeni)

Kuhusu lile. Adui alikuwa ameteka baadhi ya mizinga yetu wiki chache kabla na alikuwa anaitumia. Ndiyo maana umeona ni la kwetu. Tulipovuka mto baada ya shemeji kufa, nililiokota kwenye shimo lao, kando ya mzinga uliotekwa. Andika hivyo. Saini yangu iko hapa chini na namba yangu ya jeshi. Kazi imekwisha, usiniulize tena.

15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, anasema mkazamjomba asiitegemee sana fimbo, mguu utazoea uvivu. Nimeona niandike leo leo kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitakuandikia uongo wa adabu kama wako.

Karatasi yako ilinifurahisha kwa siku nne. Nikachukua kadi niijaze. Nikasema hebu nilitazame ganda kwa mara ya mwisho, na safari hii nikatazama ukingo wa kitako kwa kioo cha kukuzia, pale ambapo jino la mzinga huwa linashika ganda ili kulivuta nje likishafyatuliwa. Unajua nilichokiona. Mikwaruzo ya kina upande mmoja, na upande wa pili hamna kitu isipokuwa kamkato kadogo kama ukucha wa mtoto.

Nilikuwa na miaka sita, nimekaa juu ya mguu wako jikoni, ukanisimulia kwamba mzinga wenu mlikuwa mnauita Kibogoyo, kwa kuwa jino lake moja lilikuwa limevunjika na fundi hakuwahi kuleta lingine. Ukasema Kibogoyo alikuwa anatafuna maganda kwa upande mmoja kama bibi kizee anayekula muhindi. Ukaniigizia kwa mdomo. Maganda yangu mawili ya yule mkulima yana alama hiyo hiyo. La mama linayo. Nimeyaweka matatu sambamba mezani, na mtu ambaye hajawahi kuona ganda maishani mwake angekuambia yametoka mdomo mmoja.

Na Kibogoyo hakutekwa, mjomba. Ulinisimulia pia jinsi mlivyoandamana naye mjini vita ilipokwisha, wewe umekaa juu ya mtutu, amevalishwa maua.

Kwa hiyo hukuliokota kwenye shimo la mtu. Hili mlilifyatua ninyi. Uliniandikia mavi ya kale hayanuki. Yananuka, mjomba, nami nimekaa nayo chumbani. Sijui unaficha nini, na kadi siwezi kuijaza kwa maneno yako, kwani ni jina langu linalosimama chini yake na watu wananiamini. Mama anauliza kila siku kama kadi tayari. Namwambia bado nasubiri wino.

Bi Nati

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wiki saba hakuna barua. Mama anakusalimu na anasema wewe ni mgonjwa na tunamficha. Juzi alifunga mzigo wa nguo akitaka kuja huko peke yake, na macho hayo. Nimemzuia. Kama hutaki kuniandikia mimi, mwandikie yeye mistari miwili kwamba u mzima.

Bi Nati

20 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako mbili ziko mezani chini ya mkasi. Nawasalimu wote. Mkazamjomba mguu umepoa. Mimi si mgonjwa. Mwambie dada yangu si mgonjwa, na asisafiri.

Umekuwa ukitaka kujua kazi yangu mzingani. Sikuwahi kukueleza vizuri. Ganda la milimita mia na tano halina baruti ya namna moja. Ndani yake mna vifuko saba vya baruti vimefungwa kwa uzi, kila kimoja na namba yake. Lengo likiwa mbali sana unaviacha vyote saba. Likiwa karibu zaidi unavipunguza, maana baruti ikipungua kombora linaangukia karibu. Amri inakuja, chaji tano, maana yake vitano vibaki na viwili vitoke. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nakata uzi, natoa viwili, natupa nyuma yangu kwenye turubai, narudishia kombora juu ya ganda, nampa mwenzangu anasukuma ndani. Hakuna ugumu wowote. Mtu anaifanya huku anafikiria chakula.

Asubuhi ile shemeji alikuwa mbele, darajani, na redio. Yeye ndiye aliyekuwa anatuambia tupige wapi. Lengo lilikuwa kilima kilichokuwa zaidi ya kilomita moja mbele yake. Redio yetu ilikuwa na spika, wote tulikuwa tunamsikia. Tulirusha makombora matano, yote yakaenda kilimani. Akasema vizuri, leteni moja zaidi. Halafu akasema: "Na mwambieni shemeji yangu asisinzie huko nyuma. Nikifika nyumbani nitamsemea kwa dada yake."

Kikosi kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, unajua alivyokuwa anaongea. Mikono yangu ilikuwa ndani ya ganda la sita wakati nacheka.

Tukarusha. Redio ikanyamaza. Mkuu wa mzinga akaita, akaita tena, akabadilisha betri akaita. Nikaenda kwenye turubai kuhesabu vifuko vilivyotolewa, maana ni lazima vichomwe. Makombora sita, vifuko viwili viwili, vilitakiwa viwe kumi na viwili. Vilikuwa kumi na vitatu. Nikavishusha kwenye nyasi nikavipanga viwili viwili, kimoja kikabaki peke yake. Nikavipanga tena. Kisha nikavitia moto vyote kabla mtu hajaja. Baruti ikiwa wazi haipigi kelele, inawaka tu kama karatasi. Jioni iliandikwa kwamba daraja limepigwa na adui, na adui kweli alikuwa anapiga siku ile, hakuna aliyeuliza.

Ganda la sita nililijua kwa sababu lilikuwa la mwisho, bado lina moto. Nililitia kwenye begi. Sikuwa na mpango nalo. Nikiwa njiani kuja msibani nilisimama mtoni nilitupe, mkono ukakataa. Nilipofika, dada yangu alifungua begi langu atoe nguo azifue. Mume wake yuko ardhini siku mbili, na yeye anataka kunifulia. Akalitoa. Akaniuliza, "Hili ni lao?" Nikasema ndiyo. Sikusema kingine. Mengine yote aliyasema yeye kwa watu na mimi nikawa naitikia, mpaka likawekwa mlangoni, na tangu hapo mimi napita jikoni.

Hayo ndiyo maelezo ya kadi. Mwaka unaujua, mzinga umeujua mwenyewe. Mpakiaji ni mimi.

Nakuomba kitu kimoja. Dada yangu asisomewe barua hii.

Mjomba wako

11 Septemba

Mjomba,

Barua yako ilifika Jumamosi. Nimemsomea.

Kwanza nilitafuta karatasi ya pembeni. Nilipekua, nikaitikisa bahasha, hakuna. Nikajua umeamua kuandika ya kawaida tu, mguu na cherehani. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, ganda liko mapajani, kitambaa mkononi, kwa sababu ilikuwa siku ya kulisugua. Nikasoma salamu. Alifurahi sana kusikia si mgonjwa. Nikasoma vifuko saba, nikadhani unatufundisha kazi. Nilipofika kwenye redio nikanyamaza. Akasema endelea. Nikamwambia mwandiko haueleweki. Akasema mwandiko wa kaka yake anaujua tangu akiandika kwa mkaa ukutani, niendelee.

Nikaendelea, mjomba. Ningefanya nini? Nilisoma mpaka kwenye vifuko kumi na vitatu, mpaka kwenye begi. Mkono wake wenye kitambaa ulikuwa bado unakwenda juu ya shaba, polepole, na sijui ulisimama wakati gani. Ombi lako nililifikia mwisho kabisa, juu ya saini.

Nimekaa na jambo hilo siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa. Nilikuambia Februari kwamba namsomea kwa sauti kila neno. Aprili nikakupa njia ya kuniandikia kwa siri, na Mei uliitumia, tena vizuri, ulipotaka kudanganya. Ulipofika kwenye ukweli karatasi ya pembeni ikakosekana. Mtu anayetaka siri itunzwe huanza kwa kusema ni siri. Wewe ulitaka ajue, ukakosa ubavu wa kumwambia, ukanipakia mimi kama ulivyokuwa unampakia Kibogoyo, kisha ukakaa mbali usione linapoangukia. Mimi ndiye niliyemuua baba mbele ya mama, kwa sauti yangu, nimesimama kwenye mlango wetu.

La kifuko ningeweza kukusamehe. Mikono yangu pia hukosea nikicheka, nina kovu la kuthibitisha. Hili siwezi.

Mama hakulia. Aliniambia nirudie pale baba alipotania. Nikarudia. Akataka tena, mara tatu. Jeshi lilituandikia kwamba alikufa darajani, basi. Miaka yote hii hatukuwa na neno lake hata moja la siku ile, na wewe ulikuwa nalo. Ulikuwa unakula jikoni kwetu nalo mdomoni. Nilipomaliza mara ya tatu mama akasema, "Alisema atamsemea kwangu. Haya, kamsemea." Akaniomba maji ya kunywa.

Kwenye chumba cha kumbukumbu haliendi. Nimewapa picha ya baba na baiskeli, ulisema kweli kwamba inafanana naye. Ganda linakuja kwako, kwenye sanduku la mbao nililoligonga mwenyewe, dereva wa lori la karakana atalileta. Mama alilifunga kwa mikono yake. Akaniambia, "Nimemsugulia miaka ishirini na sita. Sasa zamu yake." Kitambaa kimo ndani.

Kadi nimeijaza na kuifunga shingoni mwa ganda kwa waya ili isipotee. Imeandikwa hivi: Ganda la shaba, milimita mia na tano, limefyatuliwa. La kweli. Mzinga: Kibogoyo, umetambuliwa kwa alama ya jino. Chaji iliyoamriwa: tano. Chaji iliyowekwa: nne. Mpakiaji: mwenye ganda. Mkazamjomba akiuliza ni la nani, mpe kadi asome.

Nilipofika hapa nilimuuliza mama, kama ninavyomuuliza kila barua, nimwandikie nini kaka yako. Alikuwa amesimama mlangoni, anapapasa kwa unyayo lile duara ambalo ganda limeliacha kwenye saruji. Nikamuuliza tena, angalau salamu.

Akasema, "Funga bahasha."